Bundi Hupimaje Mahali kwa Masikio

Kutafuta bundi milimani ni kazi ya masikio kuliko macho. Msafiri anayetoka Namuwongo, mtaa wa Kampala uliobanwa kati ya reli na kinamasi cha Nakivubo, hushinda barabarani kupitia Masaka, Mbarara na Kabale hadi Msitu wa Bwindi, hifadhi ya taifa tangu 1991. Watazamaji ndege hupenda kupiga kambi Ruhija, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku hakulaliki bila blanketi zito. Siku za huko hupita kwa kufuata ndege wa Bonde la Ufa la Magharibi, akiwemo yule mdogo wa kijani (Pseudocalyptomena graueri) wa kinamasi cha Mubwindi. Orodha ya ndege wa mchana ni ndefu na vitabu vimejaa nayo. Usiku una mambo zaidi.

Giza likiingia huanza kirukanjia, kisha bundi wa msituni (Strix woodfordii), dume na jike wakijibizana. Mtu huwasikia waziwazi, akaelekeza tochi, akamulika majani matupu. Bundi mwenyewe hakosei hivyo. Aliyechunguzwa zaidi ni bundi mweupe wa darini (Tyto alba), anayeishi hata mijini: Roger Payne alionyesha kwamba ndege huyu humnasa panya katika giza totoro, kwa mchakacho wa majani tu.

Uso wake wa duara hukusanya sauti kama ungo, ila matundu ya masikio hayakulingana. La kushoto liko juu na limeelekea chini; la kulia liko chini na limeelekea juu. Kiswahili kina neno tayari kwa kitu kilichokaa upande, nalo ni pogo. Basi na yaitwe masikio pogo. Sauti ya chini husikika kwa nguvu zaidi kushoto, ya juu husikika zaidi kulia, na bundi akajua kimo.

Kushoto na kulia hupimwa kwa muda. Sauti iliyotoka upande mmoja hufika sikio la pili ikiwa imechelewa, kwa bundi huyu takriban sehemu 2 tu kati ya 10,000 za sekunde inapochelewa sana. Ubongo usio na saa huupimaje muda huo? Mwaka 1948 Lloyd Jeffress alipendekeza jibu lenye uzuri wa ajabu. Waendesha boda boda wawili wasimame kwenye ncha mbili za barabara ya Namuwongo, kila mmoja aondoke sikio la upande wake linapopata sauti, na wote waende mwendo uleule. Kati yao wamejipanga wauza rolex (chapati za mayai), kila mmoja ana kengele na amri moja: piga boda zote mbili zikikufikia kwa pamoja. Zikiondoka pamoja, atapiga wa katikati. Ya kushoto ikitangulia, itakuwa imekula masafa kabla mwenzake hajawasha injini, nazo zitakutana karibu na ncha ya kulia. Asikiaye kengele hahitaji saa. Akimjua muuzaji aliyepiga, amejua nani alitangulia na kwa kiasi gani. Muda umegeuzwa mahali.

Boda hizo ni ishara za neva, na wauza rolex ni seli za shina la ubongo. Mwaka 1978 Eric Knudsen na Masakazu Konishi waligundua ramani ya sauti katika ubongo wa bundi. Miaka kumi baadaye Catherine Carr na Konishi wakaonyesha zile neva zinazoelekeana kutoka pande mbili. Mamalia wana mpango tofauti kidogo.

Binadamu masikio yake yamelingana, ndiyo maana chini ya mti mrefu hujua upande kwa urahisi kuliko kimo. Dawa yake ni kuinamisha kichwa begani, sikio moja lipande na jingine lishuke, kisha kusikiliza tena kabla ya kuwasha tochi.

Ndugu mmoja wa bundi mweupe, adimu mno, yuko ng'ambo ya mpaka kutoka Bwindi, katika milima ya Itombwe, mashariki mwa Kongo: Phodilus prigoginei alipatikana huko mwaka 1951, na hakushikwa tena hadi 1996.