Sindano na Uzi kwa Anayepata Nafuu

Mtu aliyeumia hupona mara mbili. Kwanza hupona jeraha. Baadaye hupona yeye mwenyewe, pale anaporudi kujiona kuwa ni mtu wa kazi. Kupona kwa kwanza kuna madaktari wake. Kwa pili huachiwa nyumba, na hapo ndipo askari wengi hukwama. Aliyezoea gwaride la alfajiri na zamu ya usiku hujikuta amelala mchana kutwa akihesabu mabati ya paa, na hasira zake huwaangukia mke na watoto.

Kwa familia zinazoishi Kisenyi, Kampala, msaada mmoja uko karibu na kwa bei ndogo. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, liko jirani, na huko sauti za vyerehani ni za kila siku. Vipande vya vitambaa, uzi na sindano havihitaji fedha nyingi. Cherehani humtaka mtu mwenye nguvu za kukaa na kukanyaga. Sindano ya mkono humpokea mgonjwa hata akiwa kitandani, na humruhusu kupumzika apendapo.

Si kazi ya wanawake peke yao

Askari aliyepita depo hana haja ya kuona haya mbele ya sindano, maana kifungo cha sare hakijishoni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, majeruhi wengi wa Uingereza walitarizi. Ernest Thesiger, mwigizaji aliyejeruhiwa mikono vitani mwaka 1915, alisaidia kuanzisha mwaka 1918 chama cha kutarizi cha askari waliopata ulemavu. Kitambaa cha altare cha kanisa kuu la St Paul's, London, kilitarizwa na majeruhi zaidi ya 100 na kutumika katika ibada ya shukrani mwaka 1919.

Karibu zaidi na nyumbani, kofia za mkono za Lamu na Unguja huhitaji majuma mengi ya kuzungushia uzi vitundu vidogo vidogo. Hakuna anayemharakisha mshonaji wa kofia, kwani kila mtu anajua kuwa haraka haraka haina baraka.

Namna ya kuanza

Kwanza apatikane daktari na aulizwe kama mkono umekwisha kuwa tayari. Akikubali, mgonjwa achague sindano nene yenye tundu pana, kitambaa kizito kidogo, na uzi wa rangi iliyo mbali na ya kitambaa. Apige mstari kwa penseli, kisha aufuate kwa mshono wa bandi. Shubiri moja kwa siku yatosha. Baada ya robo saa apumzishe vidole na macho.

Bandi ikinyooka, apinde leso, atie kiraka kwenye suruali, kisha atarizi jina la mtoto kwenye sweta ya shule. Kazi iwe ya kutumika nyumbani, ili aione ikivaliwa. Mwenye mkono mmoja mzima aweza kubana kitambaa mezani kwa kitu kizito.

Kila anaposhika sindano, kidole gumba na cha shahada hujifunza tena kubana na kuachia, na jicho huongoza mkono. Akili nayo hupata jambo moja dogo la kulishughulikia.

Tahadhari

Mwenye ganzi vidoleni, kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari au ukoma, avae kastabini na akague vidole vyake kila amalizapo, maana aweza kujichoma asijue. Sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake, kama risasi zinavyohesabiwa ghalani, hasa penye watoto watambaao. Maumivu au uvimbe usiopungua baada ya kupumzika ni amri ya kusimama na kurudi kwa daktari. Vivyo hivyo kwa ndoto za kutisha na huzuni isiyoondoka: sindano hutuliza, lakini haichukui nafasi ya matibabu. Kwa wakazi wa Kisenyi, kituo cha afya cha mtaa huo na hospitali ya Mengo haviko mbali.

Jamaa wa nyumbani nao wana wajibu. Wasicheke mshono uliopinda, wala wasimnyang'anye mgonjwa kitambaa ili wammalizie upesi. Kipande cha juma la kwanza kisifumuliwe. Kiandikwe tarehe na kutunzwa kabatini. Juma la sita kitolewe na kuwekwa kando ya kazi mpya. Mikono ikiwa imeendelea vizuri, aliyekuwa akijiona hafai kitu ataona kwa macho yake, mshono kwa mshono, umbali aliokwisha kwenda.