Siku ya 35 Bila Sigara

Kwenye vibanda vya Nyakato, Mwanza, sigara huuzwa moja moja. Hakuna haja ya pakiti. Mteja anatoa sarafu, anapokea yake, anavuta kiberiti cha gesi kilichoning'inizwa kwa kamba dirishani, anawasha, anaondoka. Konda anayesubiri daladala ijae humaliza shughuli hiyo kabla dereva hajapiga honi. Kwa aliyeamua kuacha, kibanda hicho ndicho mtihani wenyewe.

Nikotini ina haraka. Moshi ukishaingia mapafuni, sekunde 10 hadi 20 zinatosha kuifikisha kwenye ubongo, ambako inanata kwenye vipokezi na dopamini inamwagika. Hapo ubongo unajifunza kwamba jambo hili ni la kurudiwa. Saa mbili baadaye, takriban nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu imeshaondoka. Mvutaji aliyelala usiku kucha huamka akiwa karibu hana kitu, na ndiyo sababu kipimo cha uraibu kilichobuniwa na mtaalamu wa Sweden, Karl Fagerström, kinauliza: ukiamka, unakaa dakika ngapi kabla ya sigara ya kwanza? Anayejibu kwamba hazifiki tano ana kazi kubwa mbele yake.

Arosto ya mwili hupanda upesi na kushuka upesi. Siku za mwanzo ndizo mbaya: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyokwisha. Baada ya wiki tatu au nne mambo huwa yametulia kwa wengi. Sasa mbona mtu aliyemaliza mwezi mzima anapita kibandani na kujikuta ameshika sigara?

Watafiti wa Marekani walilichunguza hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Walichukua wavutaji walioacha, wakawapima baada ya siku 7, 14 au 35. Hamu ya kawaida, ile ya kutwa, ilikuwa ikipungua kadiri siku zilivyosogea. Lakini walipowekewa vitu vya kuwakumbusha sigara, wa siku ya 35 walishikwa na hamu kali kuliko wa siku ya 7. Mwili ulikuwa umetulia, kumbukumbu ikawa imechachuka. Kwa mkazi wa Nyakato kumbukumbu hiyo ni kiberiti cha kwenye kamba, kikombe cha kahawa, au rafiki anayesema "niachie kipisi".

Sigara ya kielektroniki inayagusa yote mawili, mwili na kumbukumbu, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Mfamasia wa China, Hon Lik, naye mvutaji, aliibuni mwaka 2003. Katika vifaa vya leo, betri inapasha moto waya mdogo, waya unageuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke. Hakuna kinachoungua, kwa hiyo hakuna lami wala monoksidi ya kaboni ya moshi wa tumbaku. Mkono unapata cha kushika, koo linapata mkwaruzo wake.

Je, inasaidia kuacha? Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019 lilihusisha watu 886. Baada ya mwaka mmoja, 18% ya waliopewa kifaa hicho walikuwa hawavuti sigara, dhidi ya 9.9% waliopewa bandiko, bazoka na dawa nyingine za nikotini. Ni karibu mara mbili. Ila kati ya hao waliofaulu, 80% walikuwa bado wanavuta mvuke, huku wa kundi la pili waliokuwa bado wanatumia dawa zao wakiwa 9% tu. Wameachana na moshi. Nikotini bado wanayo. Kwa mtu aliyevuta miaka ishirini huo ni unafuu mkubwa. Kwa kijana ambaye hakuwahi kuvuta, aliyevutiwa na ladha ya embe, ni uraibu mpya kabisa.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya mwaka 2015. Sheria ya tumbaku ya Tanzania ni ya 2003, mwaka uleule Hon Lik alipokuwa akihangaika na betri zake. Na bei nayo ina sauti: anayenunua sigara moja kwa sarafu hawezi kushawishika kirahisi kununua kifaa kizima pamoja na kimiminika chake.

Kuna jambo moja wanaoacha hawaambiwi mara nyingi, nalo linahusu kahawa. Moshi wa tumbaku huchochea ini kuvunja kafeini haraka. Kazi hiyo hufanywa na kemikali za moshi, si nikotini. Moshi ukikoma, vikombe vilevile vya muuza kahawa wa jioni hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kafeini kwenye damu inaweza kufika maradufu. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi unakimbia, na mtu anasema arosto imemzidi, akaomba sigara. Aliyehamia kwenye mvuke hasalimiki, kwani naye ameukosa moshi. Kupunguza kahawa hadi nusu katika wiki ya kwanza hakumgharimu kitu.