Kupumzika Ufukweni Baada ya Upasuaji Nje ya Nchi

Baadhi ya watu waishio Uingereza husafiri kwenda kufanyiwa upasuaji katika nchi nyingine, hasa wa kupunguza uzito au kurekebisha umbo. Mji mmoja unaopendwa ni Antalya, nchini Uturuki, ambako mgonjwa huweza kutoka hospitalini akahamia hoteli ya ufukweni, kisha akapanda ndege kurejea. Upepo wa bahari una raha yake. Hata hivyo, siku hizo ni za uuguzi, si za likizo.

Wengi tuliolelewa pwani tuliambiwa kwamba maji ya bahari hukausha kidonda. Maji ya chumvi anayotumia muuguzi yametengenezwa yakiwa safi. Ya bahari sivyo. Bahari yenye joto huwa na bakteria wawezao kupenya katika mshono usioziba, na bwawa la hoteli nalo si salama kwa kidonda kibichi. Usiogelee mpaka kidonda kifunge kabisa na daktari akuruhusu. Muulize pia kuhusu kulowesha bandeji unapooga au kutia udhu. Kovu jipya lifunikwe lisipigwe na jua, hata kwa mwenye ngozi nyeusi.

Jambo la hatari zaidi ni ndege. Upasuaji huifanya damu igande kwa urahisi, na kukaa kitako muda mrefu hupunguza mwendo wake miguuni. Bonge likijitengeneza katika mshipa wa mguu laweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Kwa kawaida hushauriwa kungoja siku 4 hadi 5 baada ya upasuaji mdogo wa tumbo, na takriban siku 10 baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua. Daktari aliyekupasua ndiye wa kuamua, si wakala aliyekuuzia safari. Kwa hiyo kata tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe, na hotelini tembea kidogo kidogo kila siku, kadiri ulivyoelekezwa.

Kabla ya kuondoka, omba maelezo ya maandishi kuhusu upasuaji uliofanyiwa na dawa ulizopewa.

Vipeperushi vingi husema kidonda kilichoambukizwa huwa chekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Angalia badala yake joto, uvimbe, maumivu yanayozidi, usaha au harufu. Ukiyaona haya, au homa, piga simu 111 bila kuchelewa. Fanya hivyo pia ukivimba au kuumwa mguu mmoja. Ukishindwa kupumua, ukiumwa kifua au ukianza kuchanganyikiwa akili, wa nyumbani wapige 999 mara moja.

Omba mkalimani wa Kiswahili; hutalipa chochote. Msimtumie mtoto: si haki kumbebesha mwana habari za mwili wa mama yake.

Wapo wanaoficha kwamba walitibiwa nje, kwa kuona haya au kuhofia kukaripiwa. Tafadhali semeni. Aliyelazwa katika hospitali ya nchi nyingine ndani ya miezi 12 iliyopita huenda akapimwa bakteria wasiosikia dawa za kawaida. Kipimo hicho si adhabu: humsaidia daktari kuchagua dawa itakayofaa, na huwakinga wagonjwa wengine wodini.