Kikundi cha Kuacha Pombe: Nani Aingie?

Labda wewe ni mhudumu wa afya wa kijiji, na mganga wa zahanati amekuomba umsaidie kuanzisha kikundi cha watu wanaotaka kuacha pombe. Kikundi cha muda mfupi hukutana mara moja kwa juma, kwa majuma 8 hadi 12 hivi, kisha humalizika. Ukichagua watu ovyo, majuma hayo yatakwisha kabla hawajaanza kuaminiana.

Watu 6 hadi 10 wanatosha. Kwanza zungumza na kila mmoja peke yake. Anakunywa nini? Kiasi gani? Tangu lini? Je, asipokunywa asubuhi hupatwa na nini? Swali hili la mwisho usiliache. Mtu ambaye akikosa pombe hutetemeka mikono na kutoka jasho jingi, au amewahi kuanguka kifafa au kuona vitu visivyokuwapo, huyo apelekwe hospitali kwanza. Usimwambie aache pombe ghafla akiwa nyumbani, kwani anaweza kufa. Akitibiwa na kupata nafuu, ataingia kikundini. Na anayesema anataka kujiua asisubiri siku ya mkutano. Asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Aliyesukumwa na mkewe usimkatae upesi. Wengi huanza hivyo. Mwombe aje mara 3 asikilize tu.

Sasa lipo jambo la vijijini ambalo husahauliwa: watu wote wanajuana. Je, mtu ataeleza mbele ya mkwewe jinsi alivyolala mtaroni? Mpika gongo atasema nini akikaa karibu na mgambo? Na yule anayedaiwa kilabuni, atafungua moyo mbele ya mama anayemdai? Watu kama hao watenganishe, hata kama kila mmoja anafaa. Mwanamke mmoja kati ya wanaume 9 naye atanyamaza. Mtafutie wenzake, au wanawake wawe na kikundi chao. Lakini tofauti ya kazi au elimu isikutishe. Mwalimu na mchunga ng'ombe wanaopigana na chupa ile ile husaidiana sana.

Kila mmoja akubali, kabla hujaliandika jina lake, kwamba yatakayosemwa hayatatoka nje. Anayejulikana kwa kupeleka maneno, mhudumie peke yake.

Baada ya mkutano wa pili usiongeze mtu. Anayechelewa mwandike kwa kikundi kijacho, umtajie na tarehe.