Ribritha: Mapovu Yamepitwa na Time

Msee, mapovu yamepitwa. Ukipiga skuba Diani na tangi ya kawaida, kila pumzi inapanda juu blub-blub, samaki wanahepa, na oksijeni mob inaenda nayo. Unavuta hewa ya asilimia 21, unatema kama 16. Huo si wazimu? Na ukigonga mita 30, gesi inaisha mara nne haraka, juu presha huko ni bar nne. Mwili nao hauna haja. Unadai oksijeni ile ile.

Ribritha inakurudishia hiyo pumzi. Inapita kwa kopo la chokaa ya soda, kaboni dioksidi inadakwa hapo, oksijeni kiasi inaongezwa, unavuta tena. Mzae akiskia bei anaanza stori za ploti Kitengela. Wacha abonge.

Ziko aina kadhaa. Ile ya oksijeni tupu ni ya majeshi. Mapovu zero, adui haoni kitu. Lakini mwisho wake ni kama mita sita. Ukipita hapo oksijeni yenyewe inageuka sumu, unashikwa na degedege ndani ya maji. Achia makomando.

Semi-closed, kama Dräger Dolphin, inakumwagia nitroksi, hewa imeongezwa oksijeni, polepole bila kusimama, na ile imezidi inatoka nje. Yaani bado mapovu! Umebeba mzigo wote huo na bado unachemka kama sufuria ya githeri. Ni simple, sawa. Lakini manze, unachoma picha.

Moto iko kwa closed circuit, ile inazungusha pumzi yote ndani. 1997 Ambient Pressure Diving ya Uingereza walitoa Inspiration, raia wakapata ya elektroniki: sensa tatu zinapima oksijeni, kompyuta inafungua valvu, presha ya oksijeni inakaa pale umeset, mara mob bar 1.3. Tamu sana. Lakini mpya inaweza pita milioni moja ya Kenya, na training bado hujalipa. Hapo mzae anataja ploti mbili.

Kura yangu inaenda kwa closed circuit ya manual, line ya KISS. Oksijeni inaingia kwa katundu kadogo, chini kidogo ya ile mwili unakula, ingine unajiongezea na kidole. Wazito wa skrini wanaicheka ati ni ya kizamani. Wacha wacheke. Msee wa manual anacheki sensa zake saa zote, juu lazima. Wa elektroniki anaamini boksi, na sensa mbili zikizeeka pamoja, kompyuta inaeza fukuza ile moja inasema ukweli. Na oksijeni ikipungua huskii kitu. Hakuna kuhema, hakuna uchungu. Unazima tu, roho safi.

Ndio maana hata uchague gani, unabeba tangi ya bailout kando, ya kupumua ribritha ikikuangusha. Eeh, iko na mapovu, na hakuna msee wa maana hushuka bila. Ukiletewa ribritha ya mtumba kwa bei ya kutupa, uliza umri wa sensa kabla utoe ganji. Zinazeeka hata zikilala kwa kabati. Muuzaji akianza kuzungusha maneno, hepa.