Kisambaza Mtandao Kikinyamaza, Usikimbilie Kukitupa

Ndugu msomaji, huenda wewe unafanya kazi Mbeya au Dar es Salaam, na wazazi wako wanaishi Ipinda, Matema au Kyela mjini. Umewanunulia kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani bila waya, ili mdogo wako apate kusoma na mama apate kuuona uso wako jioni. Baada ya miezi michache unapigiwa simu: mtandao umekufa. Unatuma fedha, kinanunuliwa kifaa kipya, na masika yakipita nacho kinanyamaza. Fedha hizo ni jasho lako. Yafaa basi kuutafuta ugonjwa kwanza, kabla ya kuchimba kaburi.

Kyela ni nchi ya maji. Bonde lake liko chini ya milima ya Livingstone, kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Joto na unyevu ule ule unaostawisha mpunga na kakao ndio unaoviangamiza vyombo vya umeme. Ongeza radi za masika, na wale wadudu wadogo wa ziwani waitwao kungu, ambao hupanda juu ya maji kama moshi, wakaletwa na upepo hadi majumbani. Wakazi wa pwani huwakamata wakawafanya kitoweo. Lakini wakiufuata mwanga wa taa za kifaa na kujazana katika matundu yake, huziba njia ya hewa na kuleta unyevu ndani.

ANZA NA UMEME

Sehemu ambayo aghalabu hufa kwanza si kisambazaji chenyewe, bali adapta yake, yaani kile kijisanduku kinachoupunguza umeme wa volti 230 hadi volti 9 au 12. Ikiwa hakuna taa hata moja inayowaka, chomeka kwanza taa ya mezani au chaja ya simu katika soketi ile ile, uhakikishe kuwa soketi ina umeme. Kisha azima adapta nyingine. Hapana budi volti zake zilingane na zile zilizoandikwa kwenye kifaa, ampea zake zisipungue, na ncha yake iwe na chanya na hasi upande ule ule.

Kuna adapta zinazodanganya. Ukizipima kwa mita zikiwa hazina mzigo, zinaonyesha volti kamili. Zikiunganishwa, nguvu huporomoka. Dalili yake ni kifaa kuwaka, kuzima na kuwaka tena, hasa watu wengi wanapokitumia kwa pamoja. Adapta mpya ni rahisi mno kuliko kisambazaji kipya.

TAZAMA WAYA

Ikiwa taa zinawaka lakini ile ya waya wa mtandao imezimika, chomoa waya huo na uitazame ncha yake kwenye mwanga. Kuna vijiti vinane vya rangi ya dhahabu. Vikiwa na ukungu wa kijani, hiyo ni kutu ya shaba iliyoletwa na unyevu. Ncha hiyo ikatwe, na fundi abane mpya. Fuata waya mzima ukitafuta mahali palipotafunwa na panya. Kumbuka pia kuwa waya wa shaba wa namna hii haukusudiwi kupita mita 100.

Waya unaotoka nje usiingie dirishani ukiteremka moja kwa moja, kwani maji ya mvua huufuata kama mfereji hadi ndani ya kifaa. Uache uning'inie chini kidogo ya tundu la ukuta, ndipo upande na kuingia. Maji yatadondokea nje.

PIMA MAWIMBI

Sasa unganisha kompyuta kwa waya kwenye kifaa. Ikiwa kwa waya intaneti inapatikana, lakini simu haziuoni mtandao hata zikiwa karibu, hapo shaka iko kwenye redio ya kifaa au mpangilio wake. Bonyeza kitufe cha kurejesha mpangilio wa awali kwa sekunde kumi hivi, lakini andika kwanza mpangilio uliopo na maneno ya siri, kwani vyote vitafutika. Ikiwa hata kwa waya hakuna kitu, unganisha kompyuta kwenye laini inayoingia nyumbani, ukiruka kisambazaji. Pakiwa kimya hata hapo, waite watoa huduma. Kifaa chako hakina kosa.

Simu zikipata mtandao zikiwa karibu tu, kaza antena. Kisha uliza kifaa kimewekwa wapi. Vingi vimetengenezwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 40. Ukikipachika chini ya bati wakati wa jua kali, kitazidiwa na kuzima. Kishushe, kiwe sebuleni, mbali na kabati la chuma, kikipata hewa pande zote.

NDANI YA KIFAA

Kukifungua ni kazi ya fundi, nacho kiwe kimechomolewa. Adapta usiifungue kamwe, kwani ndani yake mna umeme wa kuua. Mwambie fundi atazame kapasita zilizovimba vichwa, kutu, na wadudu waliokauka. Vumbi na kungu huondolewa kwa brashi laini. Kapasita hubadilishwa kwa bei ndogo. Lakini palipoungua kwa radi, pakawa peusi na kunuka, usipoteze fedha zaidi.

Juu ya radi, jambo moja wafundishe wote nyumbani: ngurumo zikisikika mbali, chomoa adapta pamoja na waya wa mtandao. Wengi huchomoa adapta peke yake, na radi ikapita mlango wa pili. Mawingu yakishafika juu ya nyumba, usiguse waya wowote; uhai ni bora kuliko mashine.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndugu msomaji, mpigie simu mdogo wako leo, umwelekeze hatua hizi moja baada ya moja, naye azibandike ukutani kando ya soketi.