Hema au upepo tu? Jinsi majivu yanavyofichua maisha ya kambi za wawindaji wa kale

Ukikuta majivu, mifupa na mawe yaliyochongwa, unajuaje kama watu waliokaa hapo walikuwa ndani ya hema au nje?

Swali hilo liliwagonganisha wataalamu kuhusu Pincevent, kambi iliyo kando ya mto Seine, Ufaransa. Takriban miaka 14,000 iliyopita wawindaji wa kulungu wa nchi za baridi walipiga kambi hapo. Mto ukafurika, tope laini likafunika vitu palepale vilipoachwa.

Machimbo ya mchanga yaliifichua kambi hiyo mwaka 1964. Mwanaakiolojia André Leroi-Gourhan na timu yake walifunua eneo pana, tabaka kwa tabaka, na kuchora ramani ya kila kitu kabla ya kukigusa. Jiwe likishaondolewa bila kupimwa, ushahidi wake umepotea.

Sehemu moja ilikuwa na meko matatu. Leroi-Gourhan akaona hema tatu zilizoungana.

Mmarekani Lewis Binford akapinga. Yeye alikuwa amewachunguza Wanunamiut, wawindaji wa Alaska, wakiwa wameketi kuzunguka moto. Vipande vidogo vya mifupa vilidondoka miguuni pao, mikubwa ikarushwa mbele ya moto au nyuma ya mgongo. Na upepo ukibadilika, moshi ukimjia mtu usoni, anageuka tu na kuwasha moto mwingine. Kumbe meko mawili jirani yanaweza kuwa ya watu walewale! Kwake, mengine kati ya yale matatu yalikuwa ya nje.

Si ubishi mdogo huo. Hema tatu ni familia kadhaa, lakini mtu anayekwepa moshi ni mmoja.

Kwingineko Pincevent, watafiti walilinganisha mifupa ya meko tofauti. Mguu wa kushoto wa mnyama ulikuwa kwenye moto mmoja, wa kulia wa mnyama yuleyule kwenye mwingine. Yaani nyama iligawanywa.

Mbinu kama hizi zimetumika Tanzania pia. Miaka ya 1980 watafiti walichora ramani za kambi za Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wenyewe wakiwa bado wanaishi humo. Taka kubwa huishia pembeni mwa kambi, ila vipande vidogo hubaki pale kazi ilipofanyika. Ndiyo maana wachimbaji makini hupitisha udongo kwenye chekeche: kinachotafutwa ni vile ambavyo hakuna aliyejisumbua kuviokota.